Mzoga Uwe na Mwenyewe: Wito kwa Watu wa Singida Kuhusu Fisi

Ng'ombe akifa ghafla Ilongero, Ihanja au Nduguti, maswali huja kwa mfuatano unaojulikana. Kwanza, amekufa na nini? Pili, ngozi inafaa? Tatu, na hili huulizwa kwa sauti ya chini, kuna nyama ya kuokoa au ndiyo kibudu tena? Swali la nne ndilo halina mwenyewe: mzoga utakwenda wapi? Vijana huambiwa wauburute mpaka korongoni, mbele kidogo ya nyumba ya mwisho, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Giza likishaingia fisi anafika, anakula, na usiku wa pili anarudi kutazama kama kuna kingine.

Ndugu zangu wa Singida, wa mjini penye mawe yetu makubwa, wa Ikungi, Manyoni, Itigi, Iramba na Mkalama, wito wangu ni juu ya swali hilo la nne. Naomba tulipatie mwenyewe. Najua kwamba fisi kwetu si habari. Wengi tumekua tukimsikia akilia ng'ambo ya mashamba, tukajifunika shuka na kuendelea kulala. Lakini mazoea hayo tuliyarithi kutoka zama ambazo kati ya mji na mji palikuwa na pori la kutosha, na mifugo ililala ndani ya tembe pamoja na watu, ikatenganishwa nao kwa ukuta wa miti na udongo tu. Mzoga ukitupwa wakati ule, ulitupwa mbali kweli. Leo "mbali" ya mtu mmoja ni uani kwa mtu mwingine.

Hesabu zinajieleza. Sensa ya 2012 ilikuta mkoa wetu una watu wapatao milioni 1.37. Ile ya 2022 ilikuta milioni 2. Watu hao wamejenga, wamelima alizeti na vitunguu, wamekata kuni, wamechoma mkaa; wametafuta riziki, na hakuna wa kuwalaumu. Ila vichaka walimokuwa wakijificha digidigi na sungura vimepungua, na njia za zamani za wanyama sasa zinapita katikati ya vitongoji. Kusini tuna mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Magharibi ipo mbuga ya Wembere. Fisi hasomi kibao cha mpaka wa pori. Kwa usiku mmoja hutembea kilomita nyingi, na kunapokucha huenda amejilaza kwenye ufa wa mwamba au kwenye shimo lililochimbwa na muhanga, mwendo mfupi tu kutoka kisima ambacho mama zetu huteka maji.

Tumjue vizuri basi, maana hadithi tulizosimuliwa jioni zimetupotosha kidogo. Zimemfanya fisi kuwa mlafi, mwoga na mjinga anayekaa pembeni akingoja masazo ya simba. Ulafi anao. Ujinga hana. Mtafiti Hans Kruuk, aliyewafuatilia fisi madoa wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba mnyama huyu huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba ndani ya kreta ya Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuja kunyang'anya mawindo ya fisi. Huishi kwa koo. Majike ni wakubwa kuliko madume na ndio wanaotawala. Jike huzaa mtoto mmoja au wawili, akawanyonyesha kwa zaidi ya mwaka. Taya zake huvunja mfupa wa paja la ng'ombe, ndiyo sababu kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Kwa mambo yetu ya leo, kubwa zaidi ni kwamba fisi hukumbuka. Mahali alipokula jana atapapitia leo na kesho. Watoto wake watafuata njia ile ile, na kwa miaka michache tu kijiji kinakuwa kimelea ukoo mzima wa fisi wasiomwogopa mtu, bila mtu yeyote kukusudia.

Kwa kawaida fisi humkwepa mtu mzima aliyesimama wima na mwenye sauti. Hatari humwangukia aliye mdogo, aliye chini au aliye peke yake. Ni mtoto aliyetumwa dukani kununua kiberiti jua likizama. Ni mlevi aliyekatishwa na usingizi njiani akitoka kilabuni. Ni bibi aliyeamka usiku kwenda choo cha nje, au mlinzi wa shamba aliyelala juu ya turubai kando ya mtama wake ili ndege na wezi wasimtangulie. Ni msichana aliyetoka saa kumi alfajiri na ndoo, kwa sababu kiangazi maji ya mchangani hutoka kidogo kidogo na anayechelewa hapati. Na ni wanafunzi wa darasa la saba, ambao tunawaamsha gizani wawahi masomo ya ziada kana kwamba mtihani unafanywa porini.

Wahenga walisema fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Kwa usiku mmoja ni shauri jema. Kwa kijiji halitoshi, kwa sababu nikifunga mlango wangu barabara huku mzoga wangu umelala korongoni, nimemfungia fisi upande wako.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Jirani zetu wa Kenya wamelionja nje kidogo ya Nairobi. Februari 2024, huko Ongata Rongai karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, fisi alimjeruhi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Multimedia, na wakazi wakaingia barabarani kudai ulinzi. Upande wa Juja, katika kaunti ya Kiambu, watu wameshambuliwa na fisi waliofanya makao kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Machimbo yaliyoachwa, viwanja vyenye vichaka visivyo na mwangalizi, taka za bucha na giza: vitu hivyo vinne vikikutana, haihitajiki mbuga ya wanyama ili fisi apatikane. Anayeyajua machimbo yetu ya kokoto na viwanja vyetu vya pembezoni mwa manispaa anajua kwamba nasema habari za nyumbani. Hata Marekani, ambako hakuna fisi, wanaye kayoti, ndugu wa mbweha, aliyehamia mpaka katikati ya jiji la Chicago. Kule mara nyingi humkwepa mtu, na wanaofikia kuwakaribia watu bila woga wengi ni wale waliozoeshwa kulishwa, kwa kusudi au kwa uzembe wa taka.

Mfano unaonifikirisha zaidi unatoka Ethiopia. Katika mji wa Mekele, fisi huingia kila usiku kula mizoga na masazo ya machinjio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba huondoa zaidi ya tani 200 kwa mwaka, na kwa kufanya hivyo hupunguza kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe. Sifa hiyo tumpe fisi bila choyo. Ni bwana afya asiyedai mshahara. Lakini watafiti waliwahi pia kuchambua kinyesi cha fisi wa kaskazini mwa nchi hiyo wakati wa mfungo mkuu wa Waorthodoksi, ambao kwa siku 55 waumini hawali nyama. Machinjio yanapungua, masazo yanapungua. Wakakuta kwamba fisi hawakufunga pamoja na waumini. Walihamia kwenye punda.

Hapo kuna somo la utaratibu wa kazi. Kijiji kilichowalisha fisi kwa miaka mingi hakiwezi kufukia mizoga yote kwa wiki moja kikalala usingizi. Fisi mwenye njaa atageukia zizi lililo dhaifu. Kwa hiyo nawaomba tuanze na mazizi, mizoga ifuate mara moja, na vyote viwili viendelee kwa pamoja bila kulegea.

Mazizi yetu tunayajua. Miiba ya migunga iliyokatwa kwa bidii mwaka juzi sasa imekauka na kuliwa na mchwa, na mbuzi wenyewe wameitoboa. Mara nyingi fisi haruki juu. Hutafuta pa chini, husukuma, huchimba, na zaidi ya yote hulijaribu lango. Nimeona mazizi yenye ukuta wa kusifiwa na lango la matawi mawili yaliyofungwa kwa kamba ya katani! Tuanzie langoni: mbao au magogo yaliyokazwa, yasiyoacha nafasi chini. Palipo na minyaa, tuipande msongamano na kuitunza, kisha tujazie miiba mipya kila kiangazi. Jirani zetu wa Simanjiro, mkoani Manyara, wamekwenda hatua moja mbele kwa kile wanachokiita kuta hai. Hupanda vigingi vya miti inayochipua, wakafungia uzio wa waya, na kadiri miaka inavyokwenda mti unakua na ukuta unazidi nguvu badala ya kuoza. Kazi hiyo ilienezwa na shirika la Tanzania People and Wildlife, na familia huchangia sehemu ya gharama. Hatuhitaji kusubiri mradi uje na magari. Mabwana ufugaji wetu wachache wakienda kujifunza Simanjiro na kurudi, mbegu imepatikana. Ndama, wana-mbuzi na punda walale ndani, wala punda asiachwe kwa imani kwamba mateke yake yanamtosha.

Sasa mzoga. Naomba kila kitongoji kiwe na shimo lake, mbali na kisima na korongo la maji, lenye kina cha mita mbili hivi, lililozungushiwa miiba, na lenye mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye anayelisimamia. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitokwa na damu puani au nyuma, asichunwe wala asipasuliwe kabla afisa mifugo hajamwona. Huenda ni kimeta, na kimeta humdhuru anayechuna. Azikwe mzima, udongo ushindiliwe. Wenye bucha, wachoma nyama na wakaanga kuku wa mjini nao wanahusika. Kuku wa Singida ana jina hadi Dar es Salaam, lakini manyoya na matumbo yake yanabaki hapa. Ndoo yenye mfuniko na shimo la nyuma ya banda havigharimu faida ya siku mbili. Na halmashauri zetu nazo ziwe mfano: haifai mwananchi akatozwa faini kwa utumbo wa mbuzi huku dampo la umma likiwa wazi usiku kucha.

Kuhusu watoto sitazunguka. Wasitumwe mahali baada ya magharibi. Wanaochunga wachunge wawili au watatu, warudi jua likiwa bado juu ya miti. Walimu wakuu wenzangu katika wito huu, masomo ya alfajiri yanaweza kuwa masomo ya alasiri. Na kama hayaepukiki, wanafunzi waje kwa makundi na mtu mzima mwenye tochi. Wazazi tufundishe watoto wetu jambo moja ambalo mwili wao utakataa: wakikutana na fisi wasikimbie. Anayekimbia anakuwa windo. Wasimame pamoja, wainue mikono na matawi, wapige kelele, wamtazame na kurudi nyuma taratibu, na mdogo kabisa awekwe katikati. Tulifanye kama mchezo uani, mara nyingi, mpaka liwe la kawaida. Wanaume wenzangu tunaopenda kilabu, turudi nyumbani tukiwa wawili, na aliyelemewa asiachwe chini ya mti eti "atajiamkia". Wakati wa mavuno, walinzi wa mashamba wajenge dungu la kulalia juu kama walivyofanya babu zetu, na moto usizimike.

Yupo mnyama mwingine wa kutazamwa pamoja na fisi, naye ni mbweha. Huyu hatumwogopi, kwa sababu ni mdogo na huiba vifaranga tu. Lakini mbweha, fisi na mbwa wetu wanaweza kubeba kichaa cha mbwa, na dalili za ugonjwa huo zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, watoto wakiwamo kwa wingi, na kwamba karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Utafiti uliofanywa Lindi na Mtwara uligundua kwamba mbweha walikuwa wengi miongoni mwa wanyama wenye ugonjwa huo kule, na bado chanjo ya mbwa wa nyumbani iliupunguza. Ukichanja mbwa wako umemlinda hata mtoto atakayekutana na mbweha. Lengo ni angalau mbwa 70 kati ya 100 wachanjwe, na chanjo irudiwe kila mwaka. Tena mbwa ni mlinzi wetu wa usiku, anayebweka kabla fisi hajafika langoni. Anastahili sindano moja kwa mwaka.

Mtu akiumwa au hata kukwaruzwa na fisi, mbweha au mbwa asiyejulikana, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 nzima, saa ikitazamwa. Kisha zahanati au kituo cha afya, siku hiyo hiyo. Pilipili, majivu, mafuta ya taa na dawa za kienyeji zisiguse jeraha. Na chanjo ya mgonjwa ina ratiba ya siku kadhaa. Dozi ya kwanza ikishampa matumaini, wengi huacha nauli ya dozi ya pili itumike kwa mengine. Ndugu na majirani tuchangie nauli hiyo kama tunavyochangia msiba, ili msiba usije.

Nimesikia, nanyi mmesikia, shauri la sumu: dawa ya kuulia wadudu inyunyizwe kwenye mzoga, mambo yaishe. Hayaishi. Sumu haichagui. Atakufa fisi mmoja, watakufa mbwa wa kitongoji, watakufa tai na tumbusi kwa makumi, na ndege hao ndio wangemaliza mzoga mchana kabla fisi hajaamka. Dawa hiyo itaingia kwenye udongo na mvua itaipeleka kisimani. Na yule mtu aliyeona "nyama ya kuokoa" kwenye mzoga, tukumbuke kwamba bado yupo.

Limebaki jambo zito kuliko yote, na nitalisema kwa heshima kwa sababu nalo ni letu. Fisi akimchukua mtoto, kabla hata ya mazishi huanza kuulizwa: ni fisi wa nani? Singida ina historia chungu katika hili. Miaka ya 1940 watu wengi walikufa katika wilaya ya Singida ya wakati ule, vifo vilivyosemwa kuwa vya "watu-simba", mbojo, watu waliodaiwa kugeuka simba au kutumwa wakiwa wamevaa ngozi. Serikali ya kikoloni ilikamata watu, ikawashtaki, na baadhi wakanyongwa. Mpaka leo wanazuoni hawajaafikiana ni vifo vingapi vilikuwa vya simba wa kweli na vingapi vilikuwa mikono ya wauaji waliojificha nyuma ya simba. Wazee wengine bado hawapendi kulizungumza, na nawaelewa. Na Januari 2025, habari zilizotoka Itilima mkoani Simiyu zilisema kwamba baadhi ya fisi waliouawa huko baada ya kushambulia watu walikutwa na shanga na alama. Kama kuna mtu anayefuga au kumtumia mnyama hatari, huyo ni wa kuripotiwa polisi na kushtakiwa kwa ushahidi, na sheria inamtosha.

Lakini naomba tuangalie kinachotokea neno "fisi wa mchawi" likishatamkwa. Mazungumzo yote yanahamia kwa bibi mmoja anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Hakuna anayeuliza tena mzoga wa juzi ulitupwa wapi, lango la zizi lilikuwaje, kwa nini mtoto alikuwa nje saa mbili usiku. Na bibi yule hata akifukuzwa, hata likimpata baya zaidi ya hilo, fisi atarudi usiku unaofuata, kwa kuwa chakula bado kipo. Sina ugomvi na anayeamini. Namwomba tu afukie mzoga kwanza. Na wenyeviti wa vitongoji, jina la mama yeyote likianza kuzungushwa, msingoje. Kaeni naye, mjulisheni polisi, wajukuu zake wasimwache alale peke yake.

Kwa upande wa sheria ni machache. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamruhusu mtu kujitetea au kutetea maisha ya mwingine hata kwa kumuua mnyama, ila ni lazima atoe taarifa, na ngozi, meno au kiungo chochote ni nyara ya Serikali. Anayekwenda kumuuzia mganga kiungo cha fisi anajitafutia jela. Kwa aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama hatari kuna utaratibu wa kifuta machozi. Si fidia, na hakuna fedha inayolingana na mtoto, lakini familia isipoteze haki yake kwa kuchelewa. Taarifa iende siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kijiji, naye aifikishe kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Kadi ya hospitali, fomu ya polisi na picha ya eneo vihifadhiwe. Fisi waliozoea watu na kushambulia ni kazi ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na maaskari wake, wenye silaha na maarifa. Msako wa vijana kwa marungu na pombe usiku unaweza kuumiza watu wengi kuliko fisi. Nasi tuidai kazi hiyo kwa maandishi yenye muhuri wa kijiji, tukitaja tarehe, mahali na idadi ya matukio, maana simu moja ya jazba husahaulika haraka.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Naomba katika ule ujao fisi awe ajenda, asiishie kwenye mengineyo wakati watu wanainuka kukung'uta vumbi. Uamuliwe mahali pa shimo la kila kitongoji na msimamizi wake. Siku ya ukaguzi wa malango ya mazizi. Sheria ndogo dhidi ya kutupa mizoga, ambayo itamhusu diwani sawasawa na mimi. Na tarehe ambayo afisa mifugo atakuja na chanjo ya mbwa. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na inafaa kwa chanjo, kwa sababu mazao yamekwisha kuwa ghalani na watoto wako tayari kuwavuta mbwa kwa kamba hadi ofisini. Shimo lisingoje mpaka wakati huo. Lichimbwe Aprili au Mei, mvua zikiwa zimetoka kuisha na udongo bado laini. Atakayeanza Septemba atavunja mipini.